Tunaona, lakini hatusikii: mikro gani kwa filamu zetu za mfuko mdogo?



Siku hizi karibu kila promosyon iko na mtu mwenye anatengeneza dokumenteri. Mmoja anafuata mama wachuuzi wa sambaza kando ya ziwa, mwingine anamkalisha babu yake aeleze wakati wa Mulele, mwingine anaonyesha vijana wa chukudu wakishuka mlima na mzigo. Ni jambo la kupongeza. Telefone ya kawaida ya leo inatoa picha yenye televisheni za zamani zetu hazikuweza kutoa. Lakini nimeangalia nyingi za hizo filamu, na lawama yangu ni moja tu: picha ni safi, na maneno hayasikiki. Babu anataja jina la mto kwenye ndugu zake walikufa, motari anapita, jina limeenda. Halafu katika montaji wanaweka muziki juu yake ili kelele isionekane mbaya sana, na maneno ya chini ya picha yanaandikwa kwa kukisia.

Kukisia si jambo dogo. Katika lugha yetu, kati ya "waliua" na "waliuawa" kuko silabi moja tu. Hiyo silabi njo inatenga mwenye kushika panga na mwenye kulala chini. Kati ya "walikimbia msitu" na "walikimbilia msitu" kuko silabi moja vilevile, na watu wamekwenda pande mbili tofauti kabisa. Kama mikro yako imeimeza hiyo silabi, hakuna kamera ya 4K itakurudishia. Kwa hiyo nasema wazi: mwenye kutaka kufanya dokumenteri na pesa kidogo, anunue mikro kwanza, kamera ije nyuma.

Tuangalie, ao zaidi tusikilize, kazi zenye zimefaulu kwetu.

Chukua "Makala", filamu ya Mfaransa Emmanuel Gras, ya mwaka 2017, yenye ilipata Tuzo Kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes. Kichwa chenyewe ni Kiswahili. Tunamfuata Kabwita Kasongo, kijana mwenye kuchoma makala, kutoka kijiji chake mpaka Kolwezi, karibu kilometa 50, akisukuma baiskeli yenye kubeba magunia. Watu wengi wanasifu picha zake: vumbi, jua, ule mzigo mkubwa kuliko mtu. Mimi nawaomba muiangalie mara ya pili na macho yamefungwa kwa dakika kumi. Utasikia shoka ikila mti. Utasikia baiskeli ikilalamika na mtu akivuta pumzi. Utasikia lori likitoka mbali, likikaribia, likipita karibu sana, na woga unakushika mbele hata ujue ni nini. Na akifika mjini, utasikia watu wakibishana naye bei, neno kwa neno, kwa Kiswahili chenye tunakijua. Uchovu wa Kabwita unatufikia kwa masikio kwanza. Kama ile baiskeli ingekuwa kimya, chini ya muziki wa sinteti, tungebaki na picha nzuri za mtu maskini, basi.

Halafu kuko "En route pour le milliard" ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, ya mwaka 2020. Ilikuwa katika uteuzi rasmi wa Cannes mwaka ule wenye korona ilizuia festivali yenyewe. Inahusu watu wenye walikatwa viungo katika vita vya siku sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Wanashuka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai malipo. Hamadi anajulikana kwa kushika kamera mwenyewe, na anakaa karibu sana na watu. Kuko mahali mvua kubwa inawakuta kwenye mto: maji, upepo, mahema ya plastiki yanapigwa, watu wanaitana. Hapo kelele ni habari yenyewe, hakuna mwenye angetaka isafishwe. Lakini wale watu wakianza kusema yenye iliwapata, tunawasikia. Mtazamaji anajua wakati gani wa kusikia mto na wakati gani wa kusikia mtu. Ndiyo kazi ya sauti katika dokumenteri: kuchagua nani asikiwe, saa gani.

Mtu atanijibu: "Wale wako na pesa, wako na mafundi." Bon, tuangalie basi mfano wa zamani, wenye unatufaa kwa upande wa mfuko.

Mwaka 1960, mjini Paris, Jean Rouch na Edgar Morin walikuwa wanatengeneza "Chronique d'un été". Mpaka wakati ule, kunasa sauti na picha pamoja nje ya studio kulikuwa mateso, juu mashini zilikuwa nzito. Stefan Kudelski kule Uswisi alikuwa ametengeneza Nagra, mashini ya kunasa sauti yenye mtu mmoja anaweza kubeba. Katika ile filamu, Marceline Loridan, mwanamke mwenye aliokoka Auschwitz, anatembea peke yake Place de la Concorde. Nagra anaibeba yeye mwenyewe, mikro ndogo iko kwenye nguo yake. Kamera iko mbali, inazidi kwenda mbali. Na yeye anaongea polepole, sawa mtu mwenye kujisemesha, juu ya baba yake mwenye walichukuliwa pamoja na hakurudi. Mwili wake unakuwa mdogo kwenye picha, lakini sauti inabaki hapa, karibu na sikio letu. Kama mikro ingekuwa kwenye kamera, tusingesikia kitu isipokuwa magari ya Paris.

Sasa fikiri vizuri: ule mpango wa Marceline, leo wewe unaweza kuufanya na telefone ya zamani mfukoni na mikro-kravati ya dolari 20. Yenye Rouch alitafuta kwa shida, iko kwa duka la vifaa vya telefone. Kwa hiyo pesa haiko kizuizi kikubwa. Kizuizi ni desturi yetu ya kuacha mikro ikae kwenye kamera, mbali na mdomo.

Sheria yenyewe ni nyepesi, na inafaa kila mtu aijue mbele ya kufungua mfuko. Kila mara unapozidisha umbali kati ya mdomo na mikro mara mbili, nguvu ya sauti inashuka karibu desibeli 6. Mikro ikiwa sentimeta 20 toka mdomoni, kisha ukaipeleka kwenye sentimeta 40, umepoteza 6. Kwenye sentimeta 80, umepoteza 12. Kwenye mita 1 na sentimeta 60, pale tunapenda kusimama na telefone ili uso na mabega viingie vizuri, umepoteza 18. Na kelele ya barabara, ya jenereta ya jirani, ya mvua kwenye mabati, haikupungua hata kidogo, juu yenyewe iko pande zote. Ukiongeza sauti katika montaji, unaongeza vyote pamoja. Ndiyo sababu mikro ya bei ndogo yenye iko karibu inashinda ya bei kubwa yenye iko mbali, mara nyingi.

Kutoka hapo tunaweza kupima yenye inauzwa.

Ya kwanza ni mikro-kanoni, ile ndefu yenye inakaa juu ya kamera. Vijana wanaipenda juu inaonekana ya kazi. Ukiibeba watu wanakuita "monsieur le journaliste". Kuko nzuri za bei ya kati, sawa Rode VideoMicro, fupi, haina haja ya pile, karibu dolari 60. Lakini wengi wanafikiri kanoni inavuta sauti ya mbali sawa jimeli zinavuta picha. Hapana. Inapunguza tu sauti za pembeni, na zenye iko mbele yake inazichukua zote, mtu na motari mwenye kupita nyuma yake. Ndani ya nyumba ndogo yenye ukuta wa sementi na sakafu ya karo, inachukua pia mwangwi, na mtu anasikika sawa iko ndani ya pipa. Ukiiondoa kwenye kamera, ukaifunga kwenye fimbo, mwenzako akaishika juu ya kichwa cha mwenye kuongea bila kuingia kwenye picha, hapo inakuwa mikro nzuri sana. Ikibaki juu ya kamera, hukununua kitu kikubwa. Hukumu yangu: isiwe ya kwanza.

Ya pili ni mikro-kravati ya waya. Yenye inajulikana sana ni Boya BY-M1, ya kati ya dolari 15 na 25. Waya wake ni mita 6, unatosha mtu akae na wewe usimame. Iko na kiswichi: upande mmoja ni wa telefone, upande mwingine ni wa kamera na unatumia kapile kadogo ka LR44. Wengi wanasahau kugeuza hicho kiswichi, halafu wanasema mikro imekufa. Angalia pia kichwa cha waya. Cha telefone kiko na pete tatu nyeusi, yaani sehemu nne. Cha kamera kiko na pete mbili, sehemu tatu. Ukichanganya, unapata kimya ao kelele. Na kama telefone yako haina tundu la duara, utahitaji adapta, lakini si kila adapta inapitisha mikro. Zingine zinapitisha muziki wa kwenda sikioni tu. Dawa ni moja: ingia dukani na telefone yako mwenyewe, rekodi dakika moja, kwaruza mikro na kidole, sikiliza, ndipo ulipe. Kama ukikwaruza haisikiki, telefone inatumia bado mikro yake ya ndani. Kwa Android, programu ya bure Open Camera inakuruhusu kuchagua mikro ya nje.

Hii njo naipa nafasi ya kwanza. Haina uzuri wa kujionyesha, waya unaonekana, mtu hawezi kutembea mbali. Lakini neno linafika zima.

Ya tatu ni zile zisizo na waya, zenye zimejaa masoko: kadude kamoja kwenye nguo, kengine kwenye telefone. Zenye majina makubwa, sawa Rode Wireless GO ao DJI Mic, ni nzuri lakini zinapita mfuko wetu. Za bei ndogo zinafanya kazi, na kwa mtu mwenye anatembea sokoni zinasaidia kweli. Ila zijue tabia. Nyingi zinapita kwenye njia ya 2.4 GHz, ileile ya Wi-Fi na Bluetooth, na mwili wa mtu unaizuia: akikugeuzia mgongo, sauti inakatika-katika. Zinahitaji kuchajiwa, na sisi tunajua moto unakatika saa gani. Na nyingi ziko na kibonye cha kupunguza kelele. Kwenye bei hii, hicho kibonye hakitengi vizuri kelele na mwisho wa neno. Kinakula vyote viwili. Turudi kwenye "waliua" na "waliuawa": naomba kizimwe, kelele tutaivumilia.

Ya ine ni mashini ndogo ya kunasa sauti, sawa Zoom H1n. Iko karibu dolari 100, inatumia pile mbili ndogo za AAA na inadumu karibu saa 10, kwa hiyo hata kijiji bila moto haikushindi. Iko na mikro zake mbili juu, na tundu kwenye unaweza kuchomeka mikro-kravati. Unaiweka mfukoni mwa mwenye kuongea, unarekodi picha kando, mwanzoni unapiga makofi mara moja mbele ya kamera ili katika montaji ukutanishe kofi ya picha na kofi ya sauti. Weka WAV, 48 kHz, yenye inaendana na video. Kama dolari 100 hazipo, telefone ya zamani yenye kioo kimepasuka inafanya kazi hii, mradi uiweke katika hali ya ndege; la sivyo mtu atakupigia katikati ya ushuhuda.

Kuko wenye wananiuliza juu ya mikro za kanisa, zile za korali. Zenyewe ni ngumu, hazitaki pile, zinavumilia kuanguka. Lakini nguvu yenye zinatoa ni ndogo sana kwa telefone. Zinataka mashini ya kuziinua. Ziache kwa korali.

Basi mwenye iko na dolari 100 afanye nini? Mimi ningegawa hivi: 20 kwa mikro-kravati ya waya. 10 mpaka 15 kwa kaske ya waya yenye inafunika sikio, juu mwenye anarekodi bila kusikiliza anapiga picha na macho yamefungwa. Dolari 5 kwa vitu vidogo: pile za akiba, sparadra ya farmasi ya kufunga mikro ndani ya nguo, na kipande cha kitambaa chenye manyoya kwa upepo. Ile boneti ya sponji yenye inakuja na mikro inasaidia pumzi ya mdomo tu. Kando ya ziwa saa tisa mchana haifanyi kitu. Angalia nguo pia: kitenge kipya chenye bado iko na amidoni kinapiga kelele kila mtu akivuta pumzi. Dolari 60 zenye zinabaki, weka kando kwa mashini ya kunasa sauti. Kamera? Telefone yenye uko nayo inatosha filamu ya kwanza.

Hapa nangojea lawama moja yenye haki. Mtu atasema: "Ukimfungia kila mtu mikro kifuani, filamu zote zitasikika sawa redio. Kijiji kitapotea." Ni kweli kabisa. Mikro-kravati inaleta mdomo na inafukuza mahali. Filamu yenye iko na midomo tu ni ripoti. Ndiyo sababu nimeanza na "Makala": nguvu yake kubwa ni vitu vyenye havisemi. Lakini jibu haliko kurudisha mikro kwenye kamera, eti ichukue vyote mara moja na isichukue kitu vizuri. Jibu ni kuvirekodi kimoja-kimoja. Mahojiano yakiisha, omba watu wanyamaze, rekodi dakika moja ya ile nyumba ikiwa tupu. Kisha peleka mikro kwenye vitu: gurudumu la mbao la chukudu kwenye mawe ya lava, mchi ndani ya kinu, makasia, kuku, mvua ikianza kwenye mabati. Sentimeta 20, sawa kwa mtu. Katika montaji utaamua wakati gani mahali paongee. Ni saa moja ya kazi, haitaki hata franka.

Neno la mwisho ni zito zaidi, na kwa jimbo letu siwezi kuliruka. Mikro ya karibu inachukua zaidi ya yenye mtu alitaka kutoa. Kamera ikizimwa, mama anaona kazi imekwisha. Anaenda nje kuongea na dada yake, na ile mikro iko bado kifuani inanasa. Ile si yako. Mweleze mbele ya kuanza kwamba inasikia kila kitu, mwonyeshe namna ya kuizima, na yenye imenaswa pembeni uifute. Na kwa watu wenye hawawezi kujulikana: kuficha uso na kuacha sauti ni kuficha nusu. Jirani anamjua mtu kwa sauti yake. Ile programu ya kufanya sauti iwe nzito ao nyembamba, mwenye kujua kidogo anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Kama kuna hatari ya kweli, mtu mwingine asome maneno yake, na filamu iseme wazi kwamba anayesoma ni mwingine. Tukidai mikro nzuri, tukubali na madeni yake.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wenye wanatuma filamu zao hapa. Mbele ya kutuma, mpe mtu mwenye hajui ile hadithi kaske tu, bila picha. Aandike kwa karatasi yenye anasikia. Mahali ataacha nafasi tupu, hapo ndipo filamu yako haijaisha, hata kama picha ni ya kupendeza namna gani. Wazee wenye wanakumbuka wakati wa Mulele wanaendelea kuondoka mmoja-mmoja, na wenye walikuwa Kisangani mwaka 2000 wanazeeka. Telefone tuko nazo. Dolari 20 zinapatikana. Mwenye anaanza mwezi huu, aandike hapa chini anataka kurekodi nani, na wapi. Tutasaidiana kuchagua mikro.